Nsumba Ntale, Mnyapara na Msimamizi wa Zamu: Historia ya Usimamizi wa Kazi Kishapu

Msimamizi wa kazi ni mtu aliyepewa mamlaka juu ya kazi ya wenzake na kubebeshwa dhamana ya matokeo yake. Hupanga nani afanye nini, huelekeza, hukagua kilichofanyika, huhesabu siku za watu na hupeleka taarifa kwa mwenye mali. Wafanyakazi nao humwendea yeye kwanza zana zinapopungua, malipo yanapochelewa au mwenzao anapoumia. Katika Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, nafasi hiyo ni kongwe kuliko mgodi wa almasi wa Mwadui ulioipa wilaya umaarufu wake. Wilaya yenyewe ni changa, kwani ilianzishwa mwaka 2002 kwa kuigawa Wilaya ya Shinyanga Vijijini, na makao yake makuu yako Mhunze. Usimamizi wa kazi, kwa upande wake, ulikuwapo katika mashamba ya Wasukuma kabla ya ukoloni. Ulipitia misafara ya wapagazi, kadi za kipande, mizani za pamba na maduara ya dhahabu, hadi ukafika katika sheria za kazi za leo. Katika safari yote hiyo swali limebaki lilelile: msimamizi anawajibika kwa nani?

Kiongozi wa vijana shambani

Kabla ya wakoloni, ardhi ya Kishapu ilikuwa chini ya watemi wa Kisukuma. Mojawapo ya tawala hizo ni Busiya, yenye kitovu chake Ukenyenge, ambako ukoo wa Makwaia ulitawala. Chini ya mtemi walikuwapo banangwa, yaani wakuu wa vijiji, waliogawa ardhi, kuamua mashauri na kuwaita watu kwenda kulima mashamba ya mtemi. Kando yao walikuwapo banamhala, wazee wa kijiji, ambao neno lao lilikuwa na uzito katika mambo ya mila na amani.

Kazi za kila siku za kusaidiana zilikuwa na msimamizi wa aina yake. Vijana wa kijiji, basumba, walimchagua mmoja wao kuwa nsumba ntale. Huyu ndiye aliyewakusanya kwenda kulima, kupalilia au kuvuna kwa mtu aliyeomba msaada. Alipatana na mwenye shamba juu ya ukubwa wa kazi na juu ya chakula, pombe au mnyama wa kuchinjwa. Alihakikisha kila kijana anafika na kulima sehemu yake, na aliyekwepa alitozwa faini au kutengwa na wenzake. Kazi ilikwenda kwa ngoma na nyimbo, na hadi leo ngoma ya bugobogobo huchezwa kwa majembe kama shambani.

Mambo mawili katika utaratibu huo yanastahili kuzingatiwa. Kwanza, nsumba ntale alichaguliwa na watu aliowasimamia, na wangeweza kumwondoa. Pili, alikuwa na deni kwa pande mbili. Shamba likilimwa ovyo, aibu ilikuwa yake mbele ya mwenye shamba. Na chakula kisipotolewa kama ilivyoahidiwa, aibu ilikuwa yake mbele ya vijana. Mamlaka yake hayakutenganishwa na wajibu wake.

Mnyampara wa msafara

Katika karne ya 19 Wasukuma na Wanyamwezi walijulikana kote katika njia za biashara kati ya bara na pwani kama wapagazi hodari. Vijana waliondoka baada ya mavuno wakabeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo na Saadani, wakarudi na nguo, shanga na waya. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, yaani ratili 70, na posho ilihesabiwa kwa kibaba cha nafaka kwa siku.

Msafara mkubwa uligawanywa katika makundi, na kila kundi lilikuwa na mnyampara wake. Jina la cheo hicho lina asili moja na lile la wazee wa kijiji, na mwanzoni kazi yake ilifanana na ya mzee. Alijua kila mtu wake na mzigo wake, aligawa posho na kusuluhisha ugomvi wa kambini. Pia aliwasemea wapagazi mbele ya mwenye mali. Mwendo ukizidi nguvu za watu au posho ikipungua, wapagazi waliweka mizigo chini, na mnyampara ndiye aliyekwenda kuzungumza na mkuu wa msafara. Tajiri aliyewadharau wanyampara wake alijikuta amekaa kambini na mizigo isiyo na wa kuibeba.

Baadhi ya viongozi wa misafara walipata sifa kubwa. Sidi Mubarak Bombay, aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto na baadaye kuachiwa huru huko India, aliongoza na kusimamia watu katika safari za Burton na Speke, za Stanley na za Cameron. Mwaka 1858 alikuwa na Speke alipotoka Tabora, akapita Usukuma na kulifikia ziwa kubwa lililoitwa baadaye Victoria.

Kipande na kiboko

Utawala wa Wajerumani ulibadili sura ya usimamizi. Kazi ya barabara, boma na mashamba ya pamba ilifanywa kwa amri, na aliyesimama juu ya watu hakuwa tena chaguo lao. Adhabu ya viboko 25 ilikuwa ya kawaida kiasi kwamba katika nchi nzima utawala huo ulikumbukwa kwa jina la hamsa ishirini. Mnyampara wa zamani akageuka mnyapara: mtu wa bwana, aliyepimwa kwa wingi wa kazi aliyoitoa kwa watu.

Waingereza waliendeleza mfumo huo kwa kalamu zaidi kuliko kwa fimbo. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1923 ilifanya makosa ya kazi, kama kutoroka kabla ya mkataba kwisha, kuwa jinai inayoadhibiwa kwa faini au kifungo. Katika mashamba makubwa na migodini mfanyakazi alipewa kipande, kadi yenye nafasi 30. Kila siku aliyomaliza kazi aliyopangiwa iliwekewa alama, na mshahara ulilipwa nafasi zote zilipojaa. Kwenye kadi hiyo ndogo mamlaka ya mnyapara yalionekana wazi. Akisema kazi haikutimia, siku haikuandikwa. Mtu angeweza kulima au kuchimba tangu alfajiri na jioni kipande chake kikabaki kama kilivyokuwa asubuhi. Siku 30 za kazi zikavuta zaidi ya mwezi, na mlalamikaji hakuwa na pa kukata rufaa isipokuwa kwa mtu yuleyule aliyemnyima alama.

Mwaka 1926 serikali ya Tanganyika ilianzisha Idara ya Kazi chini ya Granville Orde-Browne, na maofisa wake wakaanza kukagua kambi, posho na matibabu ya vibarua. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na jicho la nje juu ya mwajiri na wasimamizi wake. Lakini mtikisiko wa uchumi ulipoikumba dunia, idara hiyo ilivunjwa mwaka 1931, ikarudishwa miaka michache baadaye. Katika miaka hiyohiyo ya 1930 mgodi wa dhahabu wa Geita ulifunguliwa, ukafanya kazi hadi mwaka 1966. Kwa vijana wengi wa Usukuma, huo ulikuwa mlango wa kwanza wa kuingia katika kazi ya zamu, king'ora na uchimbaji wa chini ya ardhi.

Mwadui

Mwezi Machi 1940, mwanajiolojia kutoka Kanada, John Williamson, aligundua mwamba wenye almasi Mwadui. Mwamba huo wa kimbalaiti una eneo la hekta 146, na ni miongoni mwa mikubwa kuliko yote iliyowahi kuchimbwa duniani. Kampuni ya Williamson Diamonds iliundwa mwaka 1942, na katika pori la Shinyanga ukaota mji wenye nyumba, hospitali, shule, uwanja wa ndege na bwawa la maji la Songwa.

Almasi ilidai usimamizi wa namna yake. Kwa upande mmoja, mwamba wa Mwadui hutoa karati chache tu kwa kila tani mia moja, hivyo mgodi hauwezi kuishi bila kusogeza mawe mengi kila siku, kuyavunja, kuyaosha na kuyachambua bila kusimama. Kwa upande mwingine, jiwe lenye thamani ya mshahara wa miaka mingi linaweza kufichwa mdomoni. Kwa hiyo wasimamizi walikuwa wa aina mbili: wa uzalishaji, waliohesabu tani, na wa ulinzi, waliohesabu watu. Mji ulizungushiwa uzio, watu walipekuliwa, na chumba cha kuchambulia kiliingiwa na wachache. Tangu wakati huo usimamizi wa Mwadui umebeba mvutano huu, kwa sababu mfanyakazi anayetegemewa kuleta utajiri ndiye pia anayetazamwa kama mwizi anayesubiri nafasi.

Vyeo navyo vilifuata rangi kama kwingineko Tanganyika. Wazungu walishika uongozi, Waasia ukarani na ufundi, na Mwafrika alipopanda aliishia unyapara wa kundi lake. Williamson alifariki dunia mwezi Januari 1958. Mwaka huohuo warithi wake waliuza mgodi kwa De Beers na serikali ya Tanganyika, kila upande ukichukua nusu. Baada ya uhuru Waafrika walianza kupandishwa katika nafasi za usimamizi, na katika miaka ya 1970 mgodi ukawa mali ya umma.

Mizani ya pamba

Nje ya uzio wa Mwadui, watu wengi wa Kishapu waliishi kwa pamba, na huko usimamizi ulipiganiwa kwenye mizani. Mkulima alifika na magunia yake kituoni, mnunuzi akapima, akasoma uzito na kutaja bei. Kwa kuwa mpimaji alikuwa mtu wa mnunuzi, kilo zilipotea mbele ya macho ya mwenye pamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma waliamua kuweka wapimaji wao wenyewe kando ya mizani ya wanunuzi. Mpimaji huyo hakuwa na mamlaka ya kununua wala kuuza. Kazi yake ilikuwa kusimama pale, kusoma uzito kwa sauti na kuuandika. Hilo pekee lilitosha kuonyesha kwamba msimamizi anayelipwa na upande mmoja huona kile upande huo unachotaka.

Kutokana na harakati hizo, zilizoongozwa na Paul Bomani, kiliundwa Chama cha Wakulima wa Jimbo la Ziwa mwaka 1952, na mwaka 1955 ukasajiliwa Muungano wa Vyama vya Ushirika wa Victoria, uliokuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Mkulima sasa alikuwa mwenye mali, na makatibu na wapimaji walikuwa watumishi wake. Hata hivyo, kumiliki hakukutosha. Kamati maalumu iliyoundwa na Rais mwaka 1966 kuchunguza ushirika ilikuta watumishi wasio waaminifu, hesabu zisizokaguliwa na wanachama wasiojua haki zao. Mwaka 1968 muungano huo ulivunjwa. Wakulima walikuwa wameshika mizani, lakini hawakuwa na namna ya kumwondoa mpimaji mbaya.

Msimamizi katika nchi huru

Mwaka 1964 Bunge lilipitisha Sheria ya Usalama wa Ajira. Ilianzisha kamati za wafanyakazi katika sehemu za kazi zenye wanachama kumi au zaidi wa chama cha wafanyakazi, ikaweka orodha ya makosa na adhabu zake. Msimamizi aliyezoea kumfukuza mtu papo hapo alitakiwa kwanza kueleza kosa mbele ya kamati. Waraka wa Rais wa mwaka 1970 ukaongeza mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, ili mipango ya uzalishaji ijadiliwe na wanaoitekeleza.

Hatua kubwa zaidi ilikuja na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, uliokemea viongozi wenye majivuno, dharau na ukandamizaji. Wafanyakazi waliusoma kama haki yao. Kati ya 1971 na 1973 viwanda kadhaa, hasa Dar es Salaam, vilisimama kwa sababu ya lugha ya matusi na ubabe wa mameneja, na katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel mwaka 1973 wafanyakazi walikwenda mbali hadi kukitwaa. Serikali ilizima migomo hiyo, lakini ilikuwa imedhihirika kwamba kinachomchosha mfanyakazi si uzito wa kazi peke yake; namna anavyosemeshwa na aliye juu yake nayo ina uzito.

Maduara ya dhahabu

Uchimbaji mdogo ulipopanuka katika miaka ya 1980 na 1990, kuanzia Kahama hadi Geita, ulizaa usimamizi usio na ofisi wala kanuni zilizoandikwa. Duara moja, yaani shimo la uchimbaji, lina mwenye leseni au mwenye eneo, mfadhili anayetoa chakula na vifaa, mwenye duara, na wachimbaji wanaolipwa kwa mgawo wa viroba vya mawe. Kati yao yuko msimamizi. Huyu hupanga zamu, huhesabu viroba vinavyotoka na kulinda mgawo usivurugwe. Wajibu wake mkubwa, hata hivyo, uko chini ya ardhi: matimba, yaani magogo yanayoshikilia kuta za duara. Msimamizi mzoefu huyakagua kabla ya zamu, huyagonga kusikia kama yameoza, hutazama udongo unaomwagika pembeni na maji yanayochuruzika, na huzuia watu kushuka mvua inapokuwa kubwa. Msimamizi anayelipwa kwa mgawo yuko katika kishawishi kikubwa, kwa sababu kila saa ya kubadili matimba ni saa isiyotoa kiroba.

Gharama ya kishawishi hicho inajulikana katika ukanda huu. Mwezi Oktoba 2015 mgodi mdogo wa Nyangarata, wilayani Kahama, ulititia. Watu watano waliokolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Mwenzao wa sita alikuwa amefariki. Mwezi Januari 2017 wafanyakazi 15 walifukiwa katika mgodi wa RZ Union mkoani Geita, na wote wakatolewa hai baada ya siku tatu hivi. Katika ajali kama hizo, swali la kwanza la waokoaji ni nani yuko chini na yuko wapi. Anayepaswa kuwa na jibu ni msimamizi wa zamu, na jibu hilo lapaswa kuwa limeandikwa kabla ya mtu wa kwanza kushuka.

Wajibu wa msimamizi katika sheria za leo

Migodi mikubwa ilirudi kwa kishindo: Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009. Mwadui nayo ilirudi kwa De Beers mwaka 1994, kisha mwaka 2009 ikanunuliwa na Petra Diamonds, serikali ikibaki na hisa. Sheria za kazi ziliandikwa upya katika kipindi hicho, na wajibu wa msimamizi leo unaweza kupangwa katika mafungu manne.

La kwanza ni usalama. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri aweke mazingira salama na kuwepo wawakilishi wa afya na usalama. Kwa vitendo, mkono wa mwajiri katika hilo ni msimamizi wa zamu. Ndiye anayeanza zamu kwa kikao kifupi cha tahadhari, anayekagua helmeti, buti na taa, anayehakikisha baruti inashikwa na mwenye cheti pekee, na asiyeruhusu mtu kurudi sehemu iliyolipuliwa kabla hewa na kuta hazijakaguliwa.

La pili ni muda na malipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki na saa tisa kwa siku, na hakuna ruhusa ya kuzidi saa 12 kwa siku hata pamoja na muda wa ziada. Muda wa ziada hulipwa mara moja na nusu. Daftari la mahudhurio limechukua nafasi ya kipande, na anayelijaza kwa hila anarudisha dhuluma ya zamani.

La tatu ni nidhamu na utu. Sheria hiyo inakataza kazi ya kulazimishwa, ubaguzi na unyanyasaji, na inazuia mtoto wa chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini. Kanuni za mwaka 2007 zinataka mtuhumiwa aelezwe kosa lake na apewe nafasi ya kujitetea kabla ya kuadhibiwa. Asiporidhika, anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hatua ya haraka ya msimamizi mmoja mwenye hasira inaweza kuigharimu kampuni kesi nzima.

La nne ni kuwajibika kwa wanaoishi jirani na kwa wakandarasi. Mwezi Mei 2021 Petra ilitangaza makubaliano ya pauni milioni 4.3 na watu waliodai kujeruhiwa na kunyanyaswa na walinzi wa Mwadui, wakiwemo walinzi wa mkandarasi. Baadaye mgodi uliweka utaratibu wa kupokea malalamiko ya wanavijiji. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi huo ulibomoka, na tope likafunika mashamba na makazi ya wanakijiji jirani. Matukio hayo mawili yanafundisha kwamba kukodi walinzi hakuhamishi wajibu wa kuwasimamia, na kwamba ukaguzi wa ukuta wa bwawa ni kazi ya usimamizi sawa na ukaguzi wa zamu.

Historia ya Kishapu inatoa hukumu iliyo wazi. Nsumba ntale na mnyampara wa msafara waliwajibika kwa waliokuwa juu na waliokuwa chini, na kazi ikaenda. Mnyapara wa kipande na mpimaji wa mnunuzi waliwajibika kwa upande mmoja, na kazi ikageuka dhuluma. Mpimaji wa ushirika alikosa wa kumwajibisha, na chama kikaanguka. Kwa hiyo mwajiri anayemteua msimamizi leo, iwe katika mgodi mkubwa, kiwanda cha kuchambua pamba au duara, ampe kwa maandishi mambo matatu: wajibu wake, mamlaka ya kusimamisha kazi yenye hatari bila kuogopa kupoteza mgawo, na njia ambayo walio chini yake wataitumia kumlalamikia. Likikosekana mojawapo, aliyepewa cheo hicho atakuwa mnyapara, hata akiitwa meneja.